Jogoo Asiyeguswa na Kisu

Jogoo wa baba alianza kuchechemea kabla hatujamzika baba. Wa kwanza kuona alikuwa mwanamke mmoja wa kanisani aliyekuja kutusaidia kupika. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi akasema, "Ile kuku ya marehemu inatembea na mguu moja." Wanaume walikuwa wanahangaika na turubai, mvua ya Nyamitaba haingoji watu wamalize kulia, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiangalia wenzangu wakilia. Niliyasikia maneno yake, nikayaacha yapite.

Kazi yangu ni kufunga vidonda. Naifanya Mweso, hospitalini, miaka mingi sasa. Mimi si daktari. Mimi ni yule anayekuja asubuhi na beseni, pamba na mkasi, yule ambaye wagonjwa wakimwona wanageuza uso ukutani. Ukifanya kazi hii katika upande huu wa nchi, na kwa wakati huu tulio nao, unajifunza kuuweka moyo pembeni kama unavyovua saa kabla ya kunawa mikono. Saa jioni unakumbuka kuivaa. Moyo mimi nilikuwa nimeusahau kwenye sinia siku nyingi, wala sikuwa na haraka ya kwenda kuutafuta.

Waliponipigia simu kwamba baba amezidiwa, nilipanda pikipiki, tukapita Kitshanga, tukafika Nyamitaba nikiwa nimelowa hadi mifupa. Chumba kilijaa watu. Mama alikuwa amemshika mkono. Nilifanya ninachofanya kazini: nilifunua blanketi miguuni, nikashika kidole gumba cha mguu wake, nikakibonyeza kwa nguvu. Mtu ambaye bado yupo huvuta mguu, hata kama macho hayaoni tena. Baba hakuvuta. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya wodini, "Leteni shuka." Mama alinitazama kama mtu aliyeona mgeni ameingia chumbani bila kubisha.

Sikulia siku hiyo. Sikulia kaburini wala baada ya kaburi. Watu walisema mimi ni jasiri, na mimi nikaacha waseme. Ujasiri haukuwepo. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, mwili mzima, na ganzi haiumi.

Sasa habari ya jogoo. Baba alikuwa mtu wa Walikale, wa msituni, aliyepanda milima akaja kuoa huku Masisi na hakurudi tena. Katika ukoo wake wana utaratibu mmoja ambao wanaushika hadi leo, ingawa Jumapili wote wako kanisani kwenye viti vya mbele. Mwanaume akifa, jogoo wake mmoja anawekwa. Haliwi, hauzwi, hapewi mtu. Siku ya kumaliza matanga, ndugu za marehemu wanakusanyika nje, mjane anakaa ndani na kitambaa chake cha msiba, jogoo anawekwa sakafuni, mlango unafunguliwa. Jogoo akitoka kwa miguu yake mwenyewe, marehemu amemwachilia mkewe. Mjane anatoka nyuma yake, anavua kitambaa, na kuanzia hapo yeye ndiye anayejua atakaa wapi na atalima wapi. Jogoo asipotoka, au akitolewa amebebwa, basi marehemu bado amemshika, na mjane anabaki mikononi mwa ndugu wa mume. Hao ndio watakaoamua.

Na ndugu walikuwa wameshaanza kuamua. Baba mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao, alikuwa ametuma neno kutoka Walikale kwamba nyuma ya nyumba yake kuna chumba, amekipiga udongo upya, na Mama atapelekwa huko. Hakuuliza. Alisema tu kama anayetangaza hali ya hewa. Na shamba la Mama hapa Nyamitaba, lile la maharage linaloshuka hadi mtoni, ambalo alilima tangu mimi niko mgongoni kwake, "tutaona".

Mama aliposikia alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti. "Miye siendi kule kwa musitu. Maharage yangu iko hapa." Halafu akanyamaza, kwa sababu mjane wa ukoo ule haongei sana kabla ya siku yake. Mama ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, lakini siku alipoolewa alikubali taratibu za kwa mume wake mbele ya watu, na Mama si mtu wa kukubali asubuhi na kukataa jioni. Angetoka katika mlango ule kwa haki, au asingetoka.

Kwa hiyo uhuru wa mama yangu ulikuwa unategemea miguu ya kuku, na kuku alikuwa anachechemea.

Nilimkamata baada ya wageni kupungua. Alikuwa jogoo mkubwa, mwekundu wa shingo, mkia mweusi unaong'aa kijani juani, na hasira zake zilijulikana hadi kwa majirani. Ndugu yeyote wa baba kule Walikale angemtambua, maana kaka mkubwa wa baba ndiye aliyemleta akiwa kifaranga, ndani ya kofia, juu ya pikipiki. Kwa hiyo wale waliokuwa wakininong'oneza nitafute jogoo mwingine anayefanana naye walikuwa wananipotezea muda. Nilimfunika kichwa na kitenge, akatulia kama kawaida yao, nikamlaza magotini na kumkagua kama ningekagua mtu.

Miiba ya miguu yake, ile inayoota nyuma juu ya vidole, ilikuwa imerefuka kupita kiasi. Baba ndiye aliyekuwa akiipunguza, na kwa muda wote aliokuwa kitandani hakuna aliyekumbuka. Mwiba wa mguu wa kulia ulikuwa umejipinda kwa ndani, kila hatua unamkwaruza mguu wa kushoto, hadi magamba yamebanduka na kidonda kimefunguka. Akawa anaukwepa huo mwiba, anautupa mguu wa kushoto pembeni na kuukanyaga vibaya. Na kila asubuhi anaruka kutoka juu ya dari la jikoni hadi kwenye mawe ya uani. Chini ya unyayo wa kushoto nilikuta jipu gumu, lenye kigaga cheusi katikati. Nilibonyeza kidole chake. Alivuta, tena kwa nguvu, na akanipiga bawa usoni.

"Iko muzima," nilijisemea. Hayo yalikuwa maneno ya baba. Nilipokuwa mdogo ndiye aliyenifundisha kubonyeza kidole cha kuku mgonjwa. "Bonyeza. Akivuta, iko muzima, tutamutunza. Asipovuta, usimusumbue." Hospitalini walipokuja kunionyesha jambo hilohilo kwa watu, mimi nilikuwa nalijua tayari kutoka uani kwetu.

Kazi yenyewe kwangu ilikuwa ndogo. Kisu kikali, chumvi, kitambaa safi: unakata ncha ya mwiba, unafungua jipu, unatoa kile kiini cha usaha, unafunga. Nilikuwa nimeshaweka wembe kwenye maji yanayochemka wakati simu ilipolia. Alikuwa baba mkubwa, yule aliyemleta jogoo ndani ya kofia. Habari huku kwetu zinakwenda hata pale ambapo magari hayapiti.

"Mutoto, sikia. Nimeambiwa ile jogoo iko na kidonda."

"Ndiyo, Baba Mukubwa. Iko na usaha kwa unyayo. Nataka kuipasua sasa."

"Hapana. Kisu isimuguse mbele ya siku yake. Kisu, panga, wembe, hata mukasi. Ukimutosha damu na chuma, haiko tena jogoo ya marehemu. Iko nyama tu."

"Na akikufa na usaha?"

"Muponyeshe bila chuma. Uko munganga, haiko vile?"

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo halifanywi kwa baba mkubwa. Nilikasirika sana. Nakumbuka hasira hiyo kwa sababu ilikuwa kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu mazishi. Hata wembe niliutoa majini kwa vidole, ukaniunguza, na nikausonya kana kwamba ndio uliopiga simu. Mama, kutoka kwenye mkeka wake, alisema, "Papa yako alikuwa na kirai." Nikamuuliza kirai cha nini. Akasema, "Chemsha kirai, weye. Unasahau mbiyo."

Kirai ni kiazi mviringo, hiki cha milima yetu. Na ni kweli nilikuwa nimesahau. Kule msituni kwao, baba alikuwa akiona miiba ya jogoo inakatwa kwa kisu. Njia ya kirai alifundishwa huku, na baba mkwe wake, mwaka alipooa. Aliifurahia kama mtu aliyepewa siri ya mlima, na hakushika kisu tena kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nilichemsha kimoja kikubwa hadi kikaiva, nikakishika na kitambaa kikiwa bado kinafuka, nikakichomeka kwenye mwiba taratibu. Lazima uangalie kiazi kisiguse ngozi ya mguu, vinginevyo unaongeza kidonda juu ya kidonda. Mwiba tu ndio uingie kwenye joto. Unashika hivyo, unangoja, jogoo amefunikwa kichwa, anapumua ndani ya kitenge. Baba wakati huo alikuwa akiimba kidogo puani. Mimi sikuimba.

Ukiutoa, unaushika mwiba na kitambaa na kuuzungusha polepole, huku na huku, bila kuvuta. Ule wa kulia ulikataa. Nikachomeka kiazi tena. Mara ya pili ukaguna, ukaachia, ganda lote gumu likatoka zima kama kifuniko cha kalamu, na ndani ukabaki mwiba mdogo, laini, mwekundu, unaotoa jasho la damu. Nikauacha hewani. Nikafanya na wa kushoto. Maganda mawili matupu yakabaki mkononi mwangu, mepesi, yamepinda, na Mama akanyoosha mkono akayachukua.

Ile miiba midogo nilipaka dawa ya zambarau, na kidonda cha mguu pia, maana kuku wakiona wekundu wanadonoa hadi mfupa, hata akiwa mume wao. Rangi hiyo inawachanganya. Mama aliangalia miguu ya jogoo, zambarau kuanzia goti hadi vidole, akasema, "Umemuvalisha kama padri wa kwaresima." Wanawake wa kanisani waliokuwa wamekuja kutusalimia walicheka, halafu wakakumbuka wapo msibani wakaacha. Mama hakucheka, lakini niliona pembe ya mdomo wake.

Unyayo ulikuwa na ubishi wake. Bila wembe, jipu la namna ile linahitaji uvumilivu, na mimi uvumilivu wangu nauacha hospitalini. Asubuhi na jioni nilimsimamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nimemshika mabawa, hadi kigaga kikalainika. Kisha nakausha, napaka asali ya kwa jirani, nafunga kitambaa kati ya vidole na kuzungusha juu ya kifundo, si kwa kukaza. Nilimlaza ndani ya kitunga kikubwa, pembeni mwa chumba, mahali palipokuwa na kitanda cha baba, juu ya maganda makavu ya maharage, ili asiruke tena kutoka juu kwenda kwenye mawe. Mama alimlisha mahindi yaliyovunjwa kutoka kiganjani, akimwita kwa ile sauti yake ya kuitia kuku, ulimi dhidi ya meno. Mara moja alijaribu kumdonoa kidole, na Mama akamwambia, "Weye na mwenye wako, mufanano moja."

Kila siku kabla ya kufunga nilibonyeza kidole. Kila siku alivuta. Likawa jambo letu. Siku nyingine sikuwa nimesema na mtu neno lolote tangu kuamka, lakini nilibonyeza, na kitu fulani kikavuta.

Ruhusa yangu ya kazi iliisha. Barabara ya kurudi Mweso ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, kama zinavyofanya barabara zetu, na mkubwa wangu wa kazi akaniambia kwa simu nisihangaike. Ndugu za baba nao walikwama kule chini. Kila walipotaja siku, mvua au watu wenye bunduki waliifuta. Mimi sikulalamika. Kila siku waliyochelewa ilikuwa siku moja zaidi ya maji ya chumvi. Lakini kwa Mama ilikuwa siku nyingine kwenye mkeka. Aliketi pale anaposikia wenzake wakipalilia, na maharage yake yakamezwa na majani. Mjane hagusi jembe. Jirani mmoja alijitolea kumpalilia, akang'oa na miche, na Mama alilisikia jambo hilo mwilini kuliko maneno ya baba mdogo. "Analima kama anatafuta kitu alipoteza," alisema, na siku hiyo nzima akageukia ukuta.

Nilimkasirikia hata yeye. Nilimwambia, "Mama, si utoke tu? Nani atakukamata? Huyu ni kuku." Mama alinigeukia. "Papa yako alitoka kwa watu yake akakuya huku kwa watu yangu," alisema. "Hakuniomba kitu ingine, ile jogoo tu. Nitaikala, niingoje." Nikaenda kuchemsha maji.

Kiini kilitoka siku ambayo sikutegemea. Nilikuwa nakausha unyayo, nikaona kigaga kimeinuka chenyewe pembeni. Nikakisukuma na kitambaa chenye asali, kwa kidole tu, na kile kitu kikateleza nje kizima, cha njano, kigumu kama punje ya mahindi iliyolowekwa. Kikaacha shimo safi, jekundu, lenye uhai. Hapo nilimwita Mama, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Alitambaa hadi pale akaangalia. "Njo vile," akasema, maana yake ndiyo hivyo. Akapapasa kile kitunga kama mtu anayepapasa mtoto aliyelala. Baada ya hapo shimo lilijaa nyama kidogo kidogo, ngozi mpya ikaja, na ile miiba midogo ikakauka na kukomaa, mifupi, safi. Alianza kutembea chumbani bila kuyumba. Alianza kuwika ndani ya nyumba, jambo baya kwa masikio, na nilijua tumefaulu.

Ndugu za baba walifika mchana mmoja wenye ukungu, na matope hadi kiunoni. Baba mkubwa alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Alikaa kwenye kibaraza, akaomba maji ya kunawa, akaulizia afya ya kila mtu, na ndipo akaniambia nimlete jogoo. Alimgeuza huku na huku. Aligusa miiba mifupi kwa kidole.

"Umeikata?"

"Hapana. Kirai."

Alinusa mguu. Sijui alitegemea nini, harufu ya wembe? Aliona rangi ya zambarau iliyobaki katikati ya magamba, akaikwangua kidogo na kucha. Halafu akasema, "Marehemu alinionyesha ile ya kirai. Nilimucheka." Akanirudishia. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, akikagua mabati ya nyumba yetu kwa macho ya mtu anayepanga.

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku yenyewe. Uani walijaa watu wa ukoo, majirani, wanawake wa kwaya ambao hawakuona taabu yoyote kuja, kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye mitungi. Ndani tulikuwa watu wawili tu, Mama kwenye mkeka na mimi, maana aliyemtunza jogoo ndiye anayemweka sakafuni. Mlango ulifunguliwa. Mwanga ukaingia hadi miguuni mwa Mama. Nilimtoa kwenye kitunga, nikabonyeza kidole kwa mazoea, akavuta, nikamweka chini.

Alitembea vizuri sana. Hatua ndefu, kichwa juu, mguu wa kushoto unakanyaga sawasawa kabisa. Alienda moja kwa moja hadi kizingitini. Alinyoosha shingo, akawatazama wote, jicho moja halafu jingine. Kisha akageuka, akarudi ndani kwa hatua zilezile nzuri, akapanda kwenye kitunga chake na kuketi kwenye maganda ya maharage.

Hilo sikulifikiria. Siku zote zile za kumponya nilikuwa namfundisha kwamba ndani ndiko kuna mahindi, joto na amani. Nilimponya mguu hadi hakuwa na sababu ya kutoka. Nilisikia nje baba mdogo akikohoa, kikohozi cha mtu aliyeridhika. Nilikisukuma kitunga kwa mguu. Hakusogea. Hairuhusiwi kumbeba. Baba mkubwa alisafisha koo, na nilijua akishasema neno, limekwisha.

Mama akasimama.

Mjane hasimami kabla ya jogoo. Alisimama, magoti yakalia, akajifunga kitambaa chake kiunoni kama anayekwenda shambani. Hakuniangalia. Alitembea hadi mlangoni, akavuka kizingiti, akapita katikati ya mashemeji zake na wanawake wa kwaya na mitungi, na alipofika mwisho wa ua, pale njia ya mtoni inapoanza, akaita. Ulimi dhidi ya meno, kama kila asubuhi.

Jogoo alitoka kwenye kitunga mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu baba augue. Alipita mlangoni mabawa wazi, miguu miwili ya zambarau inapiga udongo, watu wanampisha, hadi miguuni mwa Mama, akasimama hapo akidai mahindi yake. Mama alikuwa nayo kiganjani. Alikuwa nayo tangu asubuhi.

Baba mdogo alisema kwa sauti, "Haiwezekani! Mujane njo alitangulia!" Wengine wakaanza kubishana, huyu hivi, huyu vile. Baba mkubwa aliwaacha wabishane. Halafu akasema, "Walisema jogoo atoke. Ametoka? Walisema na miguu yake. Njo miguu yake ile. Walisema mujane atoke. Uko unamuona ndani, weye?" Akanyoosha mkono. "Nani atangulie, marehemu hakunielezaka. Lete kitambaa." Mama alivua kitambaa cha msiba mwenyewe, akakikunja vizuri, akampa. Kisha akaomba jembe. Hakungoja nyama wala kasiksi. Alishuka njia ya mtoni kwenda kuangalia kilichobaki cha maharage yake, na wanawake wa kwaya wakamfuata wakiimba. Nilimtazama akishuka. Nilijua ninapaswa kufurahi, na nilijua kabisa kwamba nimefurahi, kama unavyojua kwamba ni Jumanne.

Jogoo wa kumaliza matanga analiwa siku hiyohiyo. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo, sikudanganywa. Sasa kisu kiliruhusiwa. Baba mkubwa alifanya mwenyewe, haraka, kwa heshima. Na kwa utaratibu wao, miguu ni ya aliyetunza. Aliikata magotini, akaniletea yote miwili juu ya jani la mgomba, akaniwekea mikononi kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mutoto," alisema. "Wajane iko na jogoo. Vijana wanaume, tunabanyoa kichwa, inaisha. Kwa mabinti, babu zetu hawakuweka kitu. Kula hii."

Niliipeleka jikoni. Maji yalikuwa yanachemka kwa ajili ya kuibandua magamba. Nje walikuwa wanacheka sasa, kasiksi imeanza kazi. Nilishika mguu wa kushoto. Ulikuwa bado na joto. Katikati ya unyayo kulikuwa na kile kijishimo kilichofunga, ngozi mpya, nyororo, kazi yangu safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Na kabla ya kuutia majini, kidole changu cha gumba kilifanya kinachofanya kila siku. Kilibonyeza.

Nikangoja.

Nilibonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Nikaona shuka. Nikaona blanketi limefunuliwa, na mguu wa baba, ukucha wake uliopasuka tangu zamani kwa jiwe la mtoni, na kidole changu juu yake, na chumba kizima kinaningoja mimi niseme. Nilikaa chini sakafuni kwenye majivu. Iliniuma. Iliniuma kuanzia mikononi, kama maji ya moto kwenye vidole vilivyokaa baridini, ikapanda hadi kifuani, na nikapiga kelele ambazo wodini kwangu nimezisikia kwa wengine tu.

Kicheko cha nje kilikatika. Hakuna aliyeingia. Sijui ni muda gani ulipita hadi nikasikia jembe linaegemezwa ukutani, na Mama akainama mlangoni mwa jikoni, miguu yake ina udongo mbichi wa shambani. Hakusema nyamaza. Alikaa kwenye majivu karibu nami, akatoa mguu wa kuku mkononi mwangu, akauweka kwenye jani. Halafu akakishika kidole changu, akakibonyeza.

Nikavuta mkono.

"Njo vile," alisema, akausogeza mtungi wa maji karibu, tukaanza kuibandua ile miguu.